Ibra bila leseni: safari ndefu ya kwenda kazini

Mfanyakazi aliyesimamishiwa leseni ya udereva mjini Maskati hupata usumbufu wa miezi kadhaa. Mwenzake aliyesimamishiwa leseni kwa kosa lile lile na kwa muda ule ule, lakini akiwa anaishi Ibra, mashariki mwa Oman, anaweza kuikosa kazi yenyewe.

Tofauti hiyo haikuandikwa katika sheria. Sheria ya barabarani ni moja kwa nchi nzima, na polisi wanaoisimamia ni wale wale. Kinachotofautiana ni umbali, na kile ambacho dola imekiweka, au haikukiweka, kati ya nyumba ya mtu na mahali pake pa kazi.

Jambo hili linawagusa kwa karibu wasemaji wa Kiswahili. Ibra na vitongoji vyake ni miongoni mwa sehemu za Oman ambako Kiswahili husikika majumbani na barazani, kwa familia zilizorejea kutoka Zanzibar, Tanganyika, Kenya na maeneo mengine ya Afrika Mashariki na Kati. Karibu nao wapo Watanzania, Wakenya na Waganda wa siku hizi, waliofika kwa mikataba ya kazi na ambao hawana ami wala binamu wa kuwapa lifti.

Mji uliotandazwa na gari

Ibra ni makao makuu ya mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, uliopatikana mwaka 2011 pale eneo la zamani la Sharqiyah lilipogawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kusini makao yake yako Sur, bandari iliyosifika kwa majahazi yaliyokuwa yakishuka na pepo za kaskazi hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kutoka Ibra hadi Maskati ni takriban kilomita 150, kwa barabara ipitayo Bidbid.

Mji wenyewe hauna kitovu kimoja ambacho mtu angeweza kukifikia kwa miguu kutoka kila upande. Tangu zamani una sehemu mbili, ya juu na ya chini, zikitenganishwa na mitende na bonde la mto wa msimu, yaani wadi. Majumba ya udongo na mawe yaliyojengwa na matajiri wa biashara ya Afrika bado yapo katika mtaa wa kale wa Al Minzafah, mengi yakiwa magofu. Watu wamehamia nje, kwenye nyumba za saruji zilizotawanyika kandokando ya barabara kuu.

Kutawanyika huko kuna sababu. Serikali ya Oman humgawia raia kiwanja cha kujenga, na tangu mwaka 2008 haki hiyo imewahusu wanawake sawasawa na wanaume. Ni sera ambayo imewapa wengi makazi yao wenyewe. Lakini viwanja hupatikana pale penye ardhi tupu, na ardhi tupu haiko karibu na hospitali, wala karibu na Chuo Kikuu cha Sharqiyah, wala karibu na soko. Kila mtaa mpya ulioongezwa ramanini ulichukulia kwamba wakaazi wake watakuwa na gari.

Ajira nazo zimetawanyika. Mwalimu anaweza kuishi Ibra na kupangiwa shule Sinaw, Al Mudhaibi, Bidiyah au katika kijiji cha milimani huko Dima wa At Taiyyin. Muuguzi ana zamu za usiku. Askari na mfanyakazi wa mafuta huenda jangwani kwa siku nyingi na kurudi. Wengine hukaa Maskati siku za kazi na kurejea Alhamisi jioni, kwani tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Jioni hiyo barabara ya Bidbid hujaa magari yanayorudi nyumbani, kila moja na dereva wake.

Lesen na ruhusa

Utegemezi huu wa gari si wa kale hata kidogo. Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Msafara wa ngamia kutoka Ibra kwenda Maskati ulichukua siku kadhaa.

Wengi wa walioikimbia Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964 hawakufika Oman moja kwa moja. Walipitia nchi nyingine, na mlango ulifunguka kwao hasa baada ya 1970, pale utawala mpya ulipohitaji watu waliosoma. Walikuta nchi isiyo na lami lakini yenye kazi. Walikuwa wamezoea upande wa kushoto wa barabara; Oman huendesha kulia.

Hata jina la kadi yenyewe lina historia yake. Katika Kiarabu cha mitaani cha Oman na Ghuba watu husema "lesen", neno lililotoka kwa Waingereza kama ilivyo "leseni" ya Kiswahili. Katika maandishi ya serikali ni "rukhsa", na mzizi wake ndio uliozaa "ruhusa" yetu. Hivyo mzee wa Ibra aliyezaliwa Unguja ana maneno mawili ya kitu kimoja, na yote mawili aliyajua kabla hajaiona Oman.

Wanawake wa Oman wameendesha magari kwa miongo kadhaa, tofauti na Saudi Arabia ambako waliruhusiwa tarehe 24 Juni 2018 tu. Wanawake waliorejea kutoka Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia katika ajira za mshahara, mashuleni, mahospitalini na maofisini, na usukani ulikwenda pamoja na ajira hizo. Ndiyo maana leo leseni ya mama wa nyumba ikisimamishwa, huathirika mshahara wake, watoto wanaopelekwa shule, na bibi anayepelekwa kliniki.

Leseni hupotea vipi

Kuipoteza kadi ni jambo dogo. Rekodi imo katika kompyuta za Polisi ya Kifalme ya Oman, na kwa ada kadi nyingine huchapishwa. Anayedhani ameiacha sokoni Jumatano, siku ya soko maarufu la wanawake la Ibra, hana haja ya kukosa usingizi.

Kupoteza haki ya kuendesha ni habari nyingine. Sheria ya msingi ya barabarani ni ya mwaka 1993, na ilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2016. Kanuni zilizofuata, zilizoanza kutumika mwaka 2018, zilileta mfumo wa pointi nyeusi. Makosa mazito humwongezea dereva pointi juu ya faini, na zinapofika kiwango kilichowekwa leseni husimamishwa kwa miezi. Anayerudia husimamishwa kwa muda mrefu zaidi, na mwisho wa njia hiyo ni kufutwa kabisa.

Dereva mpya hupewa kwanza leseni ya mwaka mmoja wa majaribio. Akimaliza mwaka huo akiwa na rekodi nzuri hupata ya kudumu. Akiwa na pointi nyingi hurudi alikoanzia. Kwa kijana wa Ibra aliyepata kazi yake ya kwanza, mwaka wa majaribio barabarani na mwaka wa majaribio kazini huweza kwenda sambamba, na kuanguka katika mmoja ni kuanguka katika wote wawili. Mahakama nayo yaweza kumzuia mtu kuendesha, hasa kosa linapohusisha ulevi, kifo au majeruhi.

Wako pia wanaoipoteza bila kosa lolote. Macho yakishindwa kipimo, au ugonjwa ukimfanya mtu kuwa hatari barabarani, hakuna faini ya kulipa wala muda wa kungoja.

Ukali huu una sababu zake. Mwaka 2012 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ajali za barabarani nchini Oman, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na wakaazi wasiofika milioni 4. Kamera za mwendo ziliongezwa, adhabu zikapandishwa, na miaka michache baadaye idadi ya vifo ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya theluthi moja. Ni vigumu kumpata mtu wa Sharqiyah asiye na jamaa aliyefia barabarani. Anayelalamika juu ya pointi zake mbele ya watu kama hao hapati huruma nyingi, na pengine hastahili.

Hata hivyo pointi hazijui anakoishi mtu. Mkaazi wa Ruwi, mjini Maskati, hutoka mlangoni na kukuta basi la mjini. Mkaazi wa Ibra hutoka mlangoni na kukuta jua.

Kinachobaki

Kipo kitu kinachoitwa usafiri wa umma. Shirika la taifa la usafiri lilianzishwa mwaka 1972, na katikati ya muongo wa 2010 lilipewa sura mpya na jina jipya, Mwasalat. Mabasi yake ya mjini yameibadilisha Maskati. Basi la masafa marefu kati ya Maskati na Sur hupitia Ibra, na kwa mwanafunzi au msafiri mwenye begi ni msaada mkubwa. Lakini basi la masafa halikupangwa kwa ajili ya mtu anayetakiwa kusaini ofisini saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa nane na nusu mchana, na humshusha barabara kuu, si mlangoni.

Inafuata teksi, ya rangi ya machungwa na nyeupe, ambayo kwa sheria huendeshwa na Muomani peke yake. Anayeijua hutofautisha kulipia kiti na kukodi gari zima. Kiti ni rahisi, ila gari halitoki mpaka lijae au dereva akate tamaa. Gari zima ni la haraka, ila bei yake mara mbili kwa siku, siku zaidi ya 20 kwa mwezi, hula sehemu kubwa ya mshahara wa karani. Tangu Januari 2022 Oman imewaruhusu wanawake kuendesha teksi, kwa kuanzia na huduma ya simu mjini Maskati. Kwa mwalimu wa kike wa Ibra anayetafuta gari la kila siku, Maskati bado ni mbali.

Bodaboda hakuna. Msomaji wa Kampala au Dar es Salaam huenda akaona ajabu, lakini pikipiki katika miji ya Oman ni za kupeleka vyakula na vifurushi, hazipakii abiria. Baiskeli zipo, nyingi zikiwa za vibarua kutoka Bara Hindi. Kuhusu kutembea kwa miguu, inatosha kukumbuka kwamba kanuni ya mwaka 2008 inakataza kazi za nje jua kali kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, Juni hadi Agosti. Saa ya kutoka ofisini huangukia ndani ya muda huo huo.

Basi kilichobaki ni jamaa, na huo kwa kweli ndio usafiri wa umma wa Ibra. Kaka humpitia dada yake asubuhi. Mtoto wa ami anayefanya kazi hospitali hubadilishana zamu ili saa zilingane. Jirani anayekwenda Al Mudhaibi huombwa achelewe dakika 10. Mambo hupangwa kwa simu usiku, na kwa wiki mbili za mwanzo hakuna anayehesabu.

Baada ya hapo hesabu huanza, ingawa haisemwi. Anayebebwa hawezi kuchagua saa. Hawezi kubaki kumalizia kazi mkuu wake anapomwomba, wala kuondoka mapema mtoto anapougua. Mwenye gari akisafiri, akiugua au akifiwa, siku hiyo ni ya kutafuta upya. Na katika jamii ambamo mwanamke asiye na undugu na dereva hapandi gari la mwanamume peke yake bila maneno kusemwa, orodha ya wanaoweza kuombwa ni fupi kuliko inavyoonekana kwa mgeni.

Walimu wa kike walishapata ufumbuzi wao kabla hata pointi nyeusi hazijaanza. Kundi la walimu wa njia moja hukodi gari dogo la abiria na dereva wanayemwamini, hulipa kwa mwezi, na huokotana alfajiri nyumba kwa nyumba. Aliyepoteza leseni akibahatika kupata kiti katika gari kama hilo, tatizo lake limekwisha. Kupata kiti katikati ya mwaka wa shule ndiko kugumu.

Hapa lazima kutazama sheria nyingine. Sheria ya usafiri wa nchi kavu ya mwaka 2016 inataka kibali kwa anayebeba abiria kwa malipo. Gari la kibinafsi linalogeuzwa teksi ya chini kwa chini linavunja sheria, na mgeni anayefanya hivyo anahatarisha ukaazi wake pamoja na gari. Mpaka kati ya wenzake wawili wanaochangia mafuta na biashara ya abiria ni mwembamba. Wenye busara huhakikisha dereva wao ana kibali.

Wenye uwezo huajiri dereva wa nyumbani, aghalabu mgeni, kwa ukaazi unaodhaminiwa na familia. Ni njia ya uhakika, lakini inahitaji mshahara, malazi na taratibu ambazo zaweza kuchukua muda sawa na adhabu yenyewe.

Kuna jambo ambalo hesabu za mafuta na nauli hazilioneshi. Mtu asiyeendesha hukabidhi pia watoto wake kwa usukani wa mwingine. Tarehe 14 Aprili 2024 mafuriko ya ghafla huko Samad al-Shan, katika wilaya ya Al Mudhaibi iliyo jirani na Ibra, yalilisomba gari lililokuwa na watoto wa shule, na wengi wao wakafa. Kuingia na gari kwenye wadi inayotiririka ni kosa mbele ya sheria, na kila mzazi wa Sharqiyah anajua kwa nini. Tangu siku hiyo, swali la nani anamwendesha mtoto limekuwa zito katika nyumba nyingi kuliko swali la nani anamwendesha baba.

Kishawishi cha kuendesha hivyo hivyo

Gari limeegeshwa nje na funguo ziko mezani. Kituo cha kazi kiko mbali, na barabara ya alfajiri ni tupu. Watu wengi waliosimamishiwa leseni hufikia asubuhi moja wakajiambia kwamba leo tu.

Kuendesha wakati wa kusimamishwa ni kosa jipya, lenye adhabu yake ambayo yaweza kufika kifungo. Lakini hatari kubwa zaidi iko katika bima. Kampuni ya bima humlipa aliyeumizwa, kisha ina haki ya kumgeukia dereva aliyekuwa hana leseni halali na kumdai ilicholipa. Katika ajali ya kifo diya nchini Oman ni rial 15,000, kiwango kilichowekwa mwaka 2008, sawa na takriban dola 39,000 za Marekani. Kwa familia ya kawaida ya Ibra deni hilo huenda zaidi ya maisha ya aliyelifanya. Miezi ya kuomba lifti, kwa uzito wake wote, haina ulinganifu na hilo.

Njia nyingine huonekana ngumu mwanzoni lakini huzaa matunda, nayo ni kumwambia mkuu wa kazi mapema. Likizo ya mwaka inaweza kuchukuliwa ndani ya kipindi cha kusimamishwa. Mwalimu anaweza kuomba ratiba inayomruhusu kupanda gari la wenzake, na muuguzi kuomba zamu ya mchana. Mwajiri anayeambiwa siku ya kwanza ana la kupanga. Anayegundua baada ya mara ya tano ya kuchelewa ana la kuandika kwenye faili.

Anayeishi kwa usukani

Kwa dereva wa lori, wa gari la kampuni au wa nyumbani, hakuna swali la kufika kazini, maana usukani ndiyo kazi. Kama ni Muomani, huweza kuhamishwa ghala au ofisini, akibahatika. Kama ni Mkenya au Mganda aliyeajiriwa kwa jina la dereva, kibali chake cha ukaazi kimeandikwa kazi hiyo hiyo, na mwajiri asiyeweza kumtumia hana sababu ya kumbakiza.

Nafasi zenyewe zimepungua. Tangu mwaka 2021 kazi kadhaa za udereva, zikiwemo za kusafirisha mafuta na vyakula, zimewekewa raia peke yao. Kwa upande mwingine, mwaka huo huo, kuanzia Januari, Oman iliondoa sharti lililomlazimu mgeni kupata barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine baada ya mkataba kumalizika. Ni nafuu ya kweli, ila haimsaidii sana dereva ambaye mwajiri mpya atamuuliza kwanza leseni yake.

Kwingineko katika Ghuba mambo ni magumu zaidi. Nchini Kuwait mgeni wa kawaida anayetaka leseni hudaiwa kima cha mshahara, shahada na miaka ya ukaazi, na anayebadilisha kazi akashuka chini ya masharti hayo huweza kunyang'anywa leseni bila kuvunja sheria yoyote ya barabarani.

Halafu wapo wasiokuwa na leseni tangu mwanzo. Msichana kutoka Tanga au Mombasa anayefanya kazi za nyumbani Ibra huishi mahali pake pa kazi, kwa hiyo safari yake ya kazini ni ngazi za nyumba. Ugumu wake ni safari ya kutoka. Balozi za Tanzania na Kenya ziko Maskati, kilomita 150 kutoka alipo, na anayempeleka popote ni yule yule anayemlipa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu ilieleza kwa kirefu jinsi hati za kusafiria zinavyozuiliwa. Umbali bila usafiri hufanya kazi ile ile, bila mtu kulazimika kufungia hati kabatini.

Nchi nyingine hufanyaje

Waafrika Mashariki walioko Ulaya na Marekani wanalijua tatizo hili kwa sura tofauti. Uingereza, dereva anayefikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida hufungiwa angalau miezi sita, lakini anaweza kuiomba mahakama imwonee huruma kwa shida isiyo ya kawaida. Kupoteza kazi peke yake mara nyingi hakutoshi. Mahakama husikiliza zaidi pale wengine wasio na hatia watakapoumia.

Ujerumani, ambako leseni hufutwa mtu akifikisha pointi 8, mwenye marufuku fupi ya mwezi mmoja hadi mitatu, ikiwa ni mara yake ya kwanza, huruhusiwa kuchagua ianze lini ndani ya miezi minne. Wajerumani wengi huipanga iangukie likizo. Minnesota nchini Marekani, jimbo lenye Wasomali na Wakenya wengi, ipo leseni yenye mipaka inayoweza kumruhusu aliyesimamishwa kuendesha kwenda na kurudi kazini.

Miongoni mwa taratibu hizo, ile ya Ujerumani ndiyo ingeigharimu Oman kidogo zaidi. Haipunguzi adhabu hata kwa siku moja. Humpa mwalimu wa Ibra nafasi ya kuitumikia wakati wa kiangazi, shule zikiwa zimefungwa.

Dar es Salaam na Nairobi tatizo limegeuka juu chini. Wengi wa wanaokwenda kazini hawajawahi kuwa na leseni. Wana daladala, matatu, bajaji na, kwa Dar es Salaam tangu Mei 2016, mabasi ya mwendo kasi. Huko leseni ikichukuliwa, anayeumia zaidi ni yule anayewabeba wengine.

Kuirudisha

Muda wa kusimamishwa ukiisha, leseni hurudi. Ikiwa imefutwa, mtu huanza upya kama aliye na umri wa miaka 18. Hupimwa macho, hujibu maswali ya alama za barabarani, kisha humtafuta mwalimu wa udereva, na wanawake wengi huchagua mwalimu wa kike.

Magari ya mafunzo huonekana asubuhi pembezoni mwa mji. Mwanafunzi hulipandisha gari kwenye mlima mfupi, hulisimamisha, kisha huliondoa tena bila kulirudisha nyuma. Halafu hurudi kinyumenyume kati ya mapipa yaliyopangwa kwa vipimo, bila kuligusa hata moja. Watu walioendesha kwa miaka 20 hulishindwa jaribio la mapipa mara ya kwanza, kwa sababu katika viwanja vipana vya Ibra hakuna aliyewahi kuwadai wapaki gari kwa usahihi wa aina hiyo. Likishapita hilo, hubaki jaribio la barabarani, ofisa wa polisi akiwa kiti cha pembeni. Na kwa kipindi chote cha mafunzo, mwanafunzi huyo wa makamo bado anahitaji mtu wa kumpeleka kazini.